Mtu wa Kushika Nafasi Yangu

Kwenye mgahawa wa Msasani, mtaa wa mji wetu mdogo wa milimani, ambako kwa miaka miwili nilimenya ndizi na kubeba chai, kuacha kazi kulikuwa na sharti moja: ulete mtu wa kushika nafasi yako. Halikuandikwa popote. Mimi mwenyewe nililetwa na binti aliyekuwa anakwenda kuolewa kijiji cha Masoko. Nilivaa aproni yake ikiwa bado na joto la mwili wake.

Kwa hiyo kiwanda cha kupaki parachichi kilipotangaza kwamba Jumatatu ijayo kitachukua wasichana, sikuogopa usaili. Niliogopa kumkosa mtu. Mama mwenye mgahawa alinichukua kama mwanawe. Ningeondoka bila kumletea msaidizi, nisingeweza tena kupita mtaa ule.

Jumatano nilimleta jirani yetu. Hata saa sita haikufika, akasema moshi unamuua. Ijumaa nilimleta binamu yangu kutoka kijiji cha Kinyala, naye akaitwa nyumbani kuchuma chai. Jumamosi, chini ya ile mvua yetu isiyo na haraka, nilimleta wa mwisho, msichana niliyeimba naye kwaya. Alinawa, akamenya ndizi tatu upesi kuliko mimi, kisha akaweka kisu chini.

“Samahani mama, mshahara wenyewe ni shilingi ngapi?”

Nilitamani kujificha chini ya meza. Miaka miwili nilipokea nilichopewa kwa mikono miwili, nikipiga goti, bila kuuliza. Mama alitaja kiasi changu. Yule akasema kwa upole kwamba kwa kazi ya kuanzia alfajiri, hapana.

“Umeniletea mwanasheria,” mama akaniambia.

Mama akageuza chapati, akaigeuza tena, akataja kiasi kingine, kikubwa kuliko changu. Yule akachukua kisu.

Niliumia, sikatai. Nilikwenda nyuma migombani nikalia kidogo. Mama alinifuata na kunikuta huko.

“Mwanangu, mbona wewe hukuwahi kuniuliza?”

Akanifuta uso kwa pembe ya kanga yake, akaniambia niende salama.

Jumatatu kiwandani tulikuwa wengi, kucha zimekatwa, nywele zimefungwa. Msimamizi aligawa fomu, wenzangu wakainama kusaini. Nikanyoosha mkono. Nikauliza tutalipwa kiasi gani, na lini.

Kalamu moja baada ya nyingine zikainuliwa kutoka kwenye karatasi, zikingoja jibu.