Aliyetufungia Taa za Matanga

Mama alipofariki, fundi mmoja wa mtaani kwetu Walukuba, Jinja, alifika na waya begani kabla hata sufuria za kuwapikia wageni hazijaletwa. Akafunga taa kutoka mlangoni hadi kwenye turubai, watu wakasoma dua na kulia huku wakionana nyuso. Hakutaka kitu. Kwetu mtu kama huyo hasahauliki. Aliyechimba kaburi, aliyepika, aliyefunga taa, ikitokea kazi nyumbani kwa marehemu yeye ndiye anayeitwa kwanza. Ukimruka, umemtukana marehemu.

Sawa. Lakini kufunga taa kwenye turubai si kufunga stima kwenye nyumba. Nililisema hilo mpaka sauti ikakauka.

Nilikuwa nakaa Mbale, Namatala, na mume wangu. Tukakubaliana nirudi Jinja na binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, ili nyumba ya mama isibaki tupu. Ni nyumba ya zamani, ya wafanyakazi wa kiwanda. Ukichomeka pasi, ukuta unanuka mpira unaoungua. Mama alikuwa havui kandambili zake akiwa jikoni, maana ukigusa swichi miguu mitupu inakutetemesha. Tulikuwa tunamcheka. Nikasema mwanangu hataishi hivyo.

Nikamleta fundi kutoka Mbale, jirani yetu wa Namatala, mtu aliyeisomea kazi hiyo. Akafungua swichi ya sebuleni. Mpira wa waya ukammwagikia kiganjani kama majani ya chai.

"Dada, hapa hakuna kubandika," akasema. "Ni kutoa zote, mpaka za darini, halafu tuweke waya wa kupeleka shoti ardhini. Nyumba hii haina."

Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza. Alikuwa mwanajeshi. Mtaa mzima unamwita afande, na sisi nyumbani vilevile.

"Huyu umemtoa wapi?" akaniuliza.

"Mbale, afande."

"Jinja mafundi wamekufa?"

"Hawajafa. Nataka anayejua."

"Na yule aliyemmulikia mama yako matanga yote, hajui? Taa zake zilizima?"

"Hazikuzima."

"Basi. Huyu arudi kwao akale malewa yao ya mianzi."

Shangazi akaangua kicheko. "Mmemwona? Amekaa Namatala kidogo tu, amerudi injinia!"

Fundi wa Mbale akakusanya vifaa vyake. Nje akaniambia taratibu, "Mwangalie mtoto, dada."

Fundi wa matanga akaja. Sitamsingizia, alitoka jasho. Akabadilisha swichi zote, akaweka soketi nyeupe, akavuta waya mpya kila mahali jicho linapofika. Darini hakupanda.

"Na za juu?" nikamuuliza.

"Mama mtoto, za juu aliweka Mzungu. Hizo hazifi."

Nikaenda kwa afande. Akasema nyumba inang'aa, nataka nini tena?

Waya wa kuanikia nguo kwetu umefungwa kwenye mabati ya paa. Asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa nafua. Huko darini waya wa zamani ulikuwa umechubuka na kulalia bati, na sisi chini hatujui. Binti yangu akaliona gauni lake linaning'inia, akanyoosha mkono alivute, akakamata na waya.

Hakulia. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo, kwamba hakulia. Jirani alimsukuma kwa mpini wa jembe akaanguka kwenye matope, mimi nikakimbilia kuzima meni, swichi kuu ya nyumba.

Aliishi. Mkono wa kulia uliungua mpaka ndani, na vidole viwili vimejikunja, havifunguki.

Hospitalini yule fundi wa matanga alikuja akasimama ukutani, analia. Shangazi akanivuta kando: "Msamehe. Kwani alikusudia?" Nani alisema alikusudia? Nilisema hajui! Tangu mwanzo nilisema hajui, na mlicheka.

Afande alikaa mwishoni mwa kitanda, ameshika mguu wa mtoto. Halafu akasema, "Mwite yule wa Mbale."

"Sasa?" nikamjibu. Siku hiyo sikumwita afande.

Wa Mbale alikuja. Hakunilaumu, na kama angenilaumu ningempiga na nyundo yake mwenyewe. Alipasua kuta, akashusha uchafu wote wa darini, akaweka nyaya mpya na ule wa ardhini. Alipomaliza akaniambia nishike bati, nishike bomba, nishike popote. Nikashika. Kimya.

Lakini jioni nikinyoosha mkono kuelekea swichi, binti yangu anapiga kelele na kuuficha mkono wake kwapani. Nimembembeleza, nimemwonyesha, nimemnunulia peremende. Hataki. Kwa hiyo nawasha taa ya mafuta, naiweka juu ya kabati asipofika, tunakaa mkekani. Namtolea samaki miiba, na kwa sababu vidole vyake haviwezi kushika tonge, namlisha.