Mapera na Safari ya Ilagala

Juzi nilipita sokoni Ujiji nikakuta fungu la mapera madogo yale ya kienyeji, mekundu ndani, mbegu tele. Nikanunua, nikala palepale nimesimama. Mume wangu akatikisa kichwa: "Usije ukanilaumu mimi." Wapi! Tumbo langu na mapera yanajuana tangu zamani, ndugu yangu, hebu nikusimulie.

Nililelewa na bibi, mtaa wa Rusimbi. Mama alikuwa Ilagala, mwendo wa boti ziwani, akianika na kuuza dagaa, nami nilimwona shule zikifungwa tu. Likizo moja, safari ikiwa imekaribia, niliupanda mpera wa jirani nikala mabivu na mabichi mpaka meno yakafa ganzi. Kesho yake tumbo limekaza kama ngoma, choo hakitoki. Nilichuchumaa mpaka magoti yakaniuma, nikatoka mikono mitupu.

"Mtoto mgonjwa hapandi boti," bibi akasema. "Utakwenda likizo nyingine."

Likizo nyingine! Nililia, nikanyamaza, kisha nikakata shauri: kwa mama nitakwenda, hata kwa kutambaa. Nikala paipai pamoja na mbegu zake. Nikanywa maji ya moto. Nikazunguka nyumba mbio, jirani mwenye mpera akinicheka ng'ambo ya ua. Hola. Jioni bibi akanionea huruma, akapasha mawese jikoni. Yalinuka moshi, yakanata kooni. Nilifumba macho nikameza.

Kulipokucha, bado. Sikuomba ruhusa. Nikajitwika mzigo wa safari, nikashika njia ya mwaloni, boti zinakopakia, nimejikunja kama kikongwe. Nyuma yangu nikamsikia bibi, "Ewe mwana wanje, mwanangu wee, una kichwa kigumu!" Lakini alikuwa anakuja.

Boti ilikuwa imeshakwenda mwendo mrefu mawese yalipoanza kazi. Nikamshika bibi mkono, jasho linanitoka. Yeye hakuona haya hata kidogo. Akapaza sauti, "Nahodha, ufukweni! Mtoto ana haja!" Nahodha akageuza boti. Nikakimbilia kwenye matete, na huko nilikaa, ndugu yangu, nilikaa haswa. Abiria wakangoja juani, akina mama wakinitia moyo kwa kelele: "Kaza, mwanangu, usibakize kitu!" Niliporudi walinipokea kwa vigelegele. Nilitamani kujitosa ziwani kwa aibu, ila tumbo lilikuwa jepesi, na nilikuwa nakwenda kwa mama.

Tulimkuta amesimama majini mpaka magotini, macho mekundu. "Mbona mmechelewa hivi?" Boti nzima ikajibu kwa pamoja: "Mapera!" Akacheka huku analia, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa, akinuka dagaa na moshi wa kuni. Sikutaka kushuka.

Siku hizi wengi wanakwenda Ilagala kwa barabara, na wanafika mapema. Mpera wa jirani umekatwa, pamejengwa fremu za maduka. Bibi hayupo. Mama naye tumemzika kulekule Ilagala. Watoto wangu wananiambia nitume tu mtu akapalilie kaburi, nisijichoshe. Thubutu! Kila mwaka nakwenda mwenyewe na jembe langu, mvua inyeshe au jua liwake, na nitaendelea kwenda mpaka miguu ikatae. Kinachoniuma ni kimoja tu: nikifika, hakuna wa kuniuliza mbona nimechelewa.