Picha ya Mizizi Myeusi

Ukitoka Tukuyu mjini kwenda Kisondela, kitalu utakachokiona chenye neti nyeusi juu na bomba la maji katikati ni changu. Hakuna aliyenipa. Niliishia darasa la tano, nikabeba mikungu ya ndizi kichwani, nikaendesha bodaboda ya mtu, nikajifunza kubebesha miche ya parachichi, kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye shina changa, kwa kukata vidole vyangu kabla ya kujua kukata vikonyo. Leo watu wenye digrii wanakuja kuniuliza mche upi wapande, nami nawajibu nikiwa nimekaa. Nayasema haya ili ujue mtu aliyeitwa chuoni siku ile alikuwa mtu wa namna gani.

Aliyekuja kuniita ni mwalimu wa kike wa chuo kimoja hapa mjini, mdogo kwangu kwa umri, mwenye miwani na mabuti ya mvua kama ya mkulima. Alinikuta napanga viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Akaniambia zamani wanafunzi wao walifundishwa kompyuta kila kozi kivyake, wa uuguzi huku, wa uhasibu kule, na wote wakaishia kujua kuchapa barua. Sasa yeye amewaweka pamoja, wa uuguzi, wa uhasibu, wa kilimo na wa maendeleo ya jamii, na anawafundisha jambo jingine: habari ikiingia kwenye simu, uikague kabla hujaiamini. Imetoka kwa nani, lini, wapi, na aliyeisema anapata nini.

"Wamechagua habari moja ya hapahapa wilayani, wanaifuata mpaka ilikoanzia," akasema. "Inahusu parachichi. Tunataka mtu anayejua."

"Umefika," nikamwambia.

Sikuuliza ni habari gani. Mtu akisema anataka anayejua, mimi huwa siulizi zaidi.

Alhamisi nikavaa koti la harusini, nikaegesha kirikuu changu, kigari cha kubebea miche, mbele kabisa, pale wanapoegesha wakubwa. Darasa lilijaa. Waliponiona wakasimama, "Shikamoo mzee," nikajiona nimefika. Nikapewa kiti cha mbele chenye meza. Mwalimu akawasha projekta.

Ukutani ikatokea picha ya mche uliong'olewa, umeshikwa na kiganja cha mtu, mizizi yake myeusi, imelowa, imeoza. Chini yake maneno: Hii ndiyo miche ya barabarani Msasani. Ukipanda, shamba zima linakufa. Nunua kwa wanaojulikana.

Maneno yale ni yangu. Niliyaandika mimi, asubuhi moja ya mvua, nimeegemea nguzo ya kitalu. Picha nilikuwa nimetumiwa na muuza mbolea mmoja, haina neno hata moja. Maneno niliyaongeza mwenyewe, nikaitupa kwenye grupu la wateja wangu la Watsapu, nikaenda kunywa chai.

Kwa nini niliandika? Pale Msasani, hii yetu ya Tukuyu, si ya Dar, kuna bwana mmoja, Mwislamu, mtu mpole, anauza miche kando ya barabara karibu na duka lake la spea za baiskeli. Bei yake iko chini ya yangu. Wiki ile mteja wangu wa miaka mingi alinipita, akaenda kwake. Sikuona kama nimesema uongo. Niliona nimefanya biashara. Lakini miche ya yule bwana sikuwahi kung'oa hata mmoja nikatazama mizizi yake.

Msichana mmoja wa uhasibu akasimama ubaoni na chaki. Alikuwa amechora viduara, kila kiduara mtu mmoja, na mishale inayorudi nyuma.

"Tulianza na simu ya mama yangu," akasema. "Tukamuuliza, nani kakutumia, saa ngapi. Akafungua, tukaandika. Tukaenda kwa huyo, naye akafungua. Hatukubali mtu akisema tu. Tunataka tuone kwenye simu."

Muuza duka. Mwalimu wa kwaya. Mhudumu wa zahanati. Kila mmoja na tarehe yake na saa yake. Mshale wa mwisho ulifika kwa dereva wa bodaboda wa Kisondela, na mbele yake kulikuwa na kiduara kimoja kitupu. Dereva yule namfahamu kuliko ninavyomfahamu shemeji yangu. Anabeba miche yangu, na yumo kwenye grupu langu.

"Huyu tutampigia baada ya chai, tuweke sauti wote tusikie," akasema msichana. "Na mwenye miche wa Msasani naye tumemwalika."

Nikaitoa simu taratibu, nikaishika chini ya meza. Vidole vyangu vimezoea kisu, si kioo. Nikapanda juu kwenye grupu, nikaipata ile picha, nikaibonyeza. Nilitaka ifutike kwa watu wote. Simu ikanipa njia moja tu, kuifuta kwangu, maana siku zilikuwa zimeshapita nyingi. Nikaifuta kwangu. Kwa wengine wote ikabaki.

"Mzee wetu," mwalimu akasema, "ugonjwa huu upo huku kwetu?"

"Upo." Hapo sikudanganya. Maji yakituama, mizizi ya parachichi inaoza.

"Na picha hii ni ya huku?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi mbele ya watu sijawahi kusema sijui, tangu nipate kitalu.

"Ya huku," nikasema. "Udongo huo naujua."

Kijana wa kilimo akanyoosha mkono. Akasimama kwa adabu, mikono nyuma. "Samahani mzee wangu. Tuliiingiza hiyo picha kwenye mtandao, ukatutafutia ilikotoka." Akabonyeza. Ikaja picha ileile, ila kubwa zaidi, haijakatwa pembeni. Mwenye kile kiganja alionekana mzima, na nyuma yake kibao chenye maandishi ambayo hakuna mtu wa wilaya yetu ya Rungwe anayeweza kuyasoma. Iliwekwa mtandaoni huko kwao miaka kadhaa kabla ya mimi kununua simu ya kugusa.

"Udongo wa boss una pasipoti," akasema mmoja wa nyuma. Darasa zima likacheka.

"Mgeni hachekwi," mwalimu akasema. "Na hilo ndilo somo lenyewe. Hata mtaalamu anadanganywa na picha."

Alinitetea. Alidhani nimedanganywa. Masikio yalinichoma kuliko kile kicheko.

Wakati wa chai nilitoka nje na ufunguo wa gari mkononi. Kirikuu kilikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Ningesema nimepigiwa, kuna lori la miche linasubiri, na nani angenikatalia? Mwanafunzi wa uuguzi akaniletea chai na chapati, akabaki ameshika kisahani kusudi nisipate shida. Ukiletewa chai namna ile huwezi kuondoka. Nilipokuwa napuliza kikombe ikaingia bodaboda, akashuka yule bwana wa Msasani, kofia yake imelowa manyunyu.

Aliponiona akafurahi. Kweli alifurahi.

"Afadhali na wewe upo, jirani," akasema. "Wewe watakusikiliza."

"Kuna nini?"

"Hujasikia? Miche imenirundikia. Mizizi imeshatoboa viriba, inaingia ardhini. Wiki mbili hivi zikipita sijaiuza, niitupe yote." Akavua kofia, akaikung'uta. "Wamebaki watu wa Nkunga tu, lile kundi la akina mama walioagiza kwangu. Mwenyekiti wao kaniambia leo saa kumi wanaamua. Nimpelekee jina la aliyeanzisha ule uongo na kwa nini aliuanzisha, la sivyo wanakwenda kwingine."

"Kwingine wapi?" nikauliza.

"Sijui. Ndugu yangu, wewe ungefanyaje?"

Mimi nilijua ni wapi. Yule mwenyekiti alinipigia jana yake, nami nikamwambia miche ipo, hata kesho naleta.

Tukarudi darasani. Bwana wa Msasani akakaa kiti cha pembeni yangu, bega kwa bega. Msichana akapiga simu, akaiweka juu ya meza yangu mimi, sauti wazi. Ikaita, ikaita.

"Halo. Nani mwenzangu?"

"Ni wa chuoni, kaka. Tulikuja juzi, ukaondoka na abiria."

"Nimefanya nini tena jamani?" Watu wakacheka.

"Ile picha ya mche, kaka. Tunaomba utuambie ilitoka kwa nani kuja kwako."

Nikasikia pikipiki yake inaunguruma pale alipo, kisha akaizima.

"Mpo na nani hapo?"

"Tupo darasani. Na mzee mwenye kitalu, na mzee wa Msasani."

Nilitazama mikono yangu.

"Mpeni mzee wa kitalu shikamoo yake," akasema. "Picha sikumbuki. Simu yenyewe niliifuta vitu vyote, ilikuwa imejaa. Sikumbuki kabisa." Akakata.

Mwongo. Simu ile haijafutwa kitu tangu inunuliwe. Alinifichia, na wala sikumwomba.

Darasa likaguna. Msichana akaandika ndani ya kile kiduara kitupu: haijulikani.

"Sawa," mwalimu akasema. "Msijaze kwa kubahatisha. Kama hatujui, tunaandika hatujui, na hakuna aibu."

Nilikuwa nimepona. Naliandika hili neno kama lilivyokuwa: nilipona, na kwa muda wa pumzi mbili nilisikia raha. Kisha bwana wa Msasani akainama mbele, akalisoma lile neno ubaoni kwa midomo.

"Hiyo siwezi kuipeleka Nkunga," akasema polepole, kama anaongea na magoti yake.

"Pole baba," akasema msichana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama. Wema wangu si mwingi kiasi hicho, hilo walionifanyia kazi wanalijua. Nadhani ni lile neno. Watoto wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kulipia bomba la maji, wameandika mbele ya watu kwamba hawajui. Mimi ninayejua nimekaa na koti la harusini.

"Binti, futa hapo," nikasema. "Andika kitalu cha Kisondela. Ni mimi."

Wakadhani natania. Yule wa nyuma akasema, "Boss anataka maiki." Nikairudia, sasa bila kukohoa. Picha nilitumiwa, maneno niliandika mimi, ya Msasani niliyatunga.

Bwana wa Msasani hakugeuka. Alibaki anatazama ubao.

Msichana hakuandika. Alishika chaki, akaniangalia kama mtu anayeogopa kukosea. "Mzee, naomba simu yako," akasema. "Tulikubaliana tunaona kwanza."

Nikampa. Akapekua grupu, akarudi juu, akashuka. Wenzake wawili wakamzunguka.

"Humu haimo," akasema.

"Nimeifuta. Hapa hapa, chini ya meza, wakati unaeleza."

Hapo ndipo walipoamini, nikaona kwenye nyuso zao. Hata hivyo hakuandika. Sheria yao ni sheria. Maisha yangu yote nimekuwa natafuta watu waamini ninayosema bila kuuliza, na siku niliyosema kweli nikadaiwa ushahidi niliouharibu kwa vidole vyangu.

Nikaichukua simu yangu, nikampigia dereva kwa mkono wangu, sauti wazi.

"Mzee," akasema haraka, "nimewaambia sikumbuki."

"Nimesikia. Sasa fungua grupu, panda juu mpaka uikute, piga picha ya kioo cha simu, ile skrinshoti, uitume kwa huyu binti aliyekupigia sasa hivi."

"Mzee, una hakika?"

"Tuma."

"Si utanilaumu baadaye? Maana mimi nakujua."

"Tuma, bwana."

Ilichukua muda. Mvua ilianza kugonga bati. Kisha simu ya msichana ikalia. Akaitazama, akampa mwalimu, mwalimu akampa bwana wa Msasani. Jina langu lilikuwa juu, saa ilikuwa pembeni, maneno yalikuwa chini. Akaisoma yote. Akairudisha mezani kwa vidole viwili. Ndipo msichana akafuta haijulikani, akaniandika.

"Saa ngapi sasa?" bwana wa Msasani akamuuliza mwalimu. Mimi hakuniuliza.

Saa nane na nusu. Nikasema gari lipo. Akanyanyuka, akatangulia. Tulipita dukani kwake, akachukua miche miwili kutoka kwenye ule mrundiko, akaipakata mapajani njia nzima kama watoto. Nilijaribu kusema neno tulipovuka mto, akafungua dirisha, upepo ukaingia, nikaacha.

Nkunga walikuwa kumi na watano hivi, wamekaa kwenye baraza ya nyumba ya mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, Kiswahili chake ni cha kutafuta. Kwa hiyo nilisema kwa Kinyakyusa. Kwa lugha ya nyumbani jambo kama hilo halina pa kujifichia. Nikaonyesha ile picha ya kioo, binti alikuwa amenirushia, nikaeleza ule mche ni wa nchi nyingine.

"Jana kwenye simu uliniambia miche yako ipo," mama akasema. "Ulijua kwa nini nakupigia?"

"Nilijua."

"Sasa ni yupi nimwamini, wa jana au wa leo?"

Nilisema, "Mama, sijui."

Akaagiza ndoo ya maji. Bwana wa Msasani akachana viriba vyake viwili kwa wembe, akatumbukiza mizizi, akaitikisa mpaka udongo wote ukatoka. Akina mama wakasogea, kila mmoja akashika mwenyewe, wengine wakaikata kwa kucha. Ilikuwa myeupe hadi ncha, myembamba, mizuri. Mizuri kuliko yangu ya mwaka huu, na mimi ndiye ninayesema.

"Leta," mama akamwambia. "Yote tuliyoagiza." Akamshukuru, ndaga fijo, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mimi akaniambia nikae, wana maswali kuhusu miche niliyowauzia mwaka juzi.

"Gari langu lipo," nikamwambia bwana wa Msasani. "Kesho nikubebee, bure."

Alikuwa anakunja vile viriba vilivyochanika, anavitia mfukoni. "Nitaileta mwenyewe," akasema. "Kwa gari jingine." Akaaga watu wote kwa mkono, nami pia, akatoka kwenye manyunyu kwenda kutafuta bodaboda. Nikavuta kigoda, nikakaa, na mama wa kwanza akaniuliza mizizi ya miche yangu huwa naitazama lini.