Mfupa Wangu Katika Ndoo ya Tabaka la Tatu

Pango lenyewe liko ng'ambo ya mji mdogo wa Ngoliba: jiwe kubwa lililoinama kama paa la duka ambalo fundi alilikimbia. Mwalimu wa historia alitupeleka huko tukaone wachimbaji wa mambo ya kale. Watu walilala hapo zamani, wakapika, wakaacha taka zao na hakuna aliyewaita kufagia. Juu kabisa ni mavi ya mbuzi, chini yake majivu, chini zaidi vipande vya mawe makali.

Mtafiti mkuu, mama mmoja wa kofia pana, alitupa sheria: kila ndoo ya udongo ina tabaka lake. Kikiingia kitu kisichojulikana, ndoo nzima inamwagwa. Akasema pia atachagua mmoja wetu arudi likizo amsaidie. Jirani yangu wa deski aliitaka nafasi hiyo mpaka akaacha kuongea na sisi. Asubuhi yote alikwangua tabaka la tatu kwa kijiko, taratibu, kama anakwangua ukoko wa ugali.

Mimi nilikuwa nangoja lanchi. Wali kuku. Nilipomaliza paja, nikapaka mfupa vumbi, nikautumbukiza kwenye ndoo yake akiwa ameenda kunawa.

Akarudi, akachekecha. Mfupa ukabaki juu ya chekeche. Akaunusa.

"Madam, huyu mtu wa kale alikula kari."

Wueh! Darasa lote chini kwa kicheko, mimi nikiongoza.

"Na ndoo tutaifanyaje?" mtafiti akamuuliza.

"Tumwage," akajibu polepole. "Hatujui nini kingine kimeingia." Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Nikaacha kucheka. Nikainua mkono. "Madam, ni mimi. Ni huo mfupa tu, haki ya Mungu."

"Mfupa tu?"

"Na... labda punje mbili za wali."

Wali ukatafutwa. Zikapatikana tatu.

"Sasa tunajua kilichoingia," mtafiti akasema. "Ndoo inabaki." Akanipa kadi ya ndoo ile niandike. Nikaandika: *Paja la kuku, limeletwa na mwanafunzi.* Jirani yangu akaninyang'anya kalamu, akaongeza: *MJINGA.*

Likizo ilipofika alichaguliwa yeye, bila ubishi. Mimi nami niliitwa, kubeba udongo ambao tayari umechekechwa. Lanchi nakulia mbali, karibu na barabara, na kabla sijakanyaga pangoni ananisimamisha.

"Buda, toa mifupa tuione."

Naitoa.