Mafuta ya Upako Kwenye Kope

Juzi, kwenye duka la miwani pale Isipingo, msusi wa Kikongo aliyekuwa mbele yangu alishika kaunta ghafla. "Ile taa yenye meno kama chanuo imerudi. Sasa hivi kichwa kitaanza kuuma."

Mpima macho, dada wa Kitanzania, akaruka kutoka kitini. "Funika jicho la kulia, mama. Unaiona?"

"Iko."

"Funika la kushoto."

"Iko."

"Yafumbe yote."

Akafumba, akaziba kwa viganja. Foleni nzima tukanyoosha shingo.

"Eish, iko tu."

"Basi macho ni mazima. Hicho ni kipandauso, taa inawashwa na ubongo. Nenda kliniki wakutibu kichwa."

Msusi akacheka hadi machozi. "Miaka miwili pasta ananipaka mafuta kwenye kope. Jumapili nitamwambia apandishe mkono hadi utosini."

Nami, niliyekuwa nakinunulia kichwa changu kinachouma miwani ya tatu, nikatoka kwenye foleni taratibu.