Waliomsindikiza Joël

Appolinaire hawezi kufanya jambo lolote bila watu kumtazama. Akichimba shimo la choo, anaita majirani waje waone anavyochimba. Kule Fizi, Congo, alikotoka alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, kazi ya heshima kabisa, lakini hapa Nakivale, kambini Uganda, tumeambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba alikuwa "directeur commercial", mkurugenzi wa biashara. Directeur wa madumu! Sisi tuliouza naye soko moja tunacheka, halafu tunanyamaza, maana ndiye kiongozi wa kwaya yetu, na ukimuudhi anakupanga safu ya mwisho, nyuma ya wanawake warefu.

Jambo moja jema alilofanya ni kumlea Joël. Mtoto alikuwa wa dada yake Mariette, aliyefariki mwaka 1998 tukiwa bado pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, tukingoja kugawiwa viwanja. Joël alikuwa hajaanza hata kusema vizuri. Appolinaire akamchukua, akamlisha, akamsomesha. Simnyimi haki yake. Ila alimdai mtoto shukrani kila mgeni alipoingia: "Joël, ambia batu nani alikulea." Na mtoto alisimama akasema, kama anayekariri mstari wa Biblia.

Joël alikua mpole, mwenye miguu mirefu na akili. Likizo zote alichunga ng'ombe wa Rwakabuba, mfugaji wa karibu na Isingiro, mzee asiyependa maneno mengi. Huko akajifunza Kinyankore hadi wenyeji wakasahau kwamba hakuzaliwa kwao. Walimwita Mugisha. Alipomaliza sekondari, neno lake likawa moja: anataka chuo cha maofisa wa jeshi. Alikuwa akiwaona maofisa wa Mbarara wakipita barabarani, wala hapakuwa na mtu wa kuwasimamisha kuwauliza wametoka wapi. Ndicho alichokitamani.

Lakini jeshi la Uganda linachukua raia, na Joël, aliyekula ugali wa Nakivale tangu meno hayajamtimia, ni mkimbizi. Sheria hiyo naiona ya kipumbavu, na nimesema hivyo hata mbele ya wenye ofisi zao. Rwakabuba hakubishana na sheria. Alisema tu, "Nitamwita mjukuu wangu." Mwaka 2014 jeshi lilipoita vijana wakajaribiwe uwanjani Mbarara, mzee alivaa koti lake akaenda kusimama naye kama babu.

Joël alimwomba mjomba wake jambo moja tu, asije Mbarara, nami nilikuwapo. "Mujomba, tafazali, usikuye. Bakijua niko mukimbizi, imeisha."

Appolinaire akaweka mkono kifuani. "Mutoto wangu, miye ni kaburi."

Kaburi gani! Kwaya yetu ina desturi: mtu wake hasafiri kwa jambo kubwa bila kusindikizwa. Tunaimba, na katika wimbo lazima atajwe jina lake, jina la mama yake na mahali anapotoka, ili Mungu asije akambariki mwingine kwa makosa. Appolinaire aliwaza mpwa wake aende kuwa ofisa kimya kimya, kama mwizi wa kuku, na pasiwe na hata mmoja wa kumwona mjomba. Moyo ukamshinda. Asubuhi ile kwaya nzima ilikuwa juu ya lori, sare za kijani, ngoma, na kitambaa kirefu kilichoandikwa jina la kanisa na neno NAKIVALE kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya bonde. Mimi nilipanda kwa sababu nilitaka kununua vitenge Mbarara, na nilimwambia palepale kwamba ana wazimu. Akanijibu kwamba imani yangu ni ndogo.

Tulipofika, vijana walikuwa wamechuchumaa nyasini. Mbio zilikuwa zimekwisha. Joël alikuwa amewaacha wengi nyuma, ameulizwa ukoo akajibu sawasawa, na ofisa mmoja mwanamke, Kapteni Tumusiime, alikuwa ameshamweka upande wa waliokubaliwa. Rwakabuba alisimama pembeni na fimbo yake. Kazi ilikuwa imekwisha, ilibaki kupanda gari la jeshi. Ndipo ngoma zetu zikalia.

"Joël, mwana wa Mariette, Joël wa Nakivale, Bwana akutangulie!"

Joël aliinamisha kichwa. Kapteni akaja mpaka kwenye uzio, hana hasira, akasoma kile kitambaa polepole. "Nyinyi watu, munaimbia nani hapa?"

Kwaya ikakatika. Akageuka. "Wewe Mugisha. Jina yako ingine ni Joel. Hii watu unajua?"

Joël akasimama. "Hapana, afande. Mimi sijui hawa."

Rwakabuba akasema kwamba akina Joel ni wengi Uganda hii. Ni kweli, hata mimi nawajua kadhaa. Nakuapia, yule mwanamke alikuwa tayari kuliacha. Alikwishaanza kurudi kwenye meza yake. Ilihitajika Appolinaire afunge mdomo kwa muda wa mtu kuvuka uwanja.

"Unanikana?" Alishika uzio kwa mikono miwili. "Joël! Unanikana mbele ya batu? Nani alikulea? Sema! Mama yako alikufia Kabazana, nani alikubeba?" Na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, jambo lililonichukiza zaidi.

Mdomo huponza kichwa, husema wahenga. Mdomo wa Appolinaire uliponza kichwa cha mwenziwe.

Kapteni hakumfunga Joël. Alimtoa tu kwenye mstari, akamwambia bila ukali, "Wewe ni kijana muzuri. Lakini enda kwenyu. Congo, jeshi iko mingi." Mariette aliyakimbia hayo majeshi mengi na mtoto huyo mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke immeze mtu, na nilijua nani. Rwakabuba alikwenda zake bila kutuaga, na baadaye alisumbuliwa sana na maswali ya wakubwa wa kijiji chake.

Joël hakupanda lori letu. Alibaki mjini, sasa anapakua ndizi mtaa wa Nyamityobora. Jumapili iliyofuata Appolinaire alisimama kanisani akatoa ushuhuda: Mungu amefunga mlango, kwa sababu kijana alimkana mlezi wake kama Petro. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Mlango ule niliuona ukifungwa, na aliyeufunga alikuwa amevaa sare ya kijani ya kwaya.

Mwaka huu, baada ya mahubiri juu ya msamaha, Appolinaire alitangaza kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Atakwenda Nyamityobora kumsamehe Joël. Na kwaya. Na ngoma. Nilimpigia Joël simu nikamweleza. Akauliza wanakuja lini.

"Samedi, Jumamosi hii," nikamwambia.

Ijumaa akahama chumba.