Nembo Nyeusi Penye Matanga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja karibu na uwanja wa ndege wa Simi-Simi, chef d'atelier, mkuu wa mafundi, hakunipa ufunguo wa nati wala nyundo. Alinipa kitambaa. "Asumani," akasema, "kwanza jifunze kuangalia. Motokari inajisema yenyewe iko nani, pale mbele juu ya kapo, hiyo boneti." Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani fundi ni mtu mwenye mafuta mikononi.

Donc, wanangu, mjue hili. Kuna motokari za kifahari za Ulaya zinazofanana mwili mzima, ila nembo ya kila moja, kile kibati cha mbele, ina rangi tofauti. Katika zile tulizotengeneza sisi, nyekundu ilikuwa injini ya silinda nane. Nyeusi ilikuwa ya silinda kumi na mbili, bei yake usiulize. Kijani ilikuwa ya mbio. Mbio gani, na mashimo yetu haya ya Kisangani! Lakini matajiri walizinunua, zikapanda mto kwa meli kutoka Kinshasa.

Nikatoka hapo, nikatumika kwa mapadri, kisha kwa kampuni ya lori, hadi mfanyabiashara mmoja wa mbao akanichukua. Tulimwita Patron. Motokari yake ilikuwa ya nembo nyekundu, nami nikaitunza mpaka nywele zikageuka mvi.

Mama yake Patron aliugua sana. Daktari alitaka apelekwe Kinshasa kwa ndege. Patron aliwaambia wajomba zake kwamba mkono ni mtupu. Mama akafa.

Asubuhi ya maziko akaniita. "Papa Asumani, kwa watu wa mama yangu, nyekundu haiingii penye maiti. Hata kitambaa cha kichwa. Paka ile nembo rangi nyeusi." Nikaipaka vizuri, mbele, nyuma na kwenye magurudumu. Kwetu sisi wawili ilikuwa heshima tu.

Tulipofika, maiti ilikuwa uani chini ya turubai, akina mama wanalia. Mpwa wa Patron, kijana wa Kinshasa, akaizunguka motokari, akapaza sauti: "Yo! Nyeusi! Tonton alinunua ile kubwa, ya silinda kumi na mbili!"

Neno likakimbia uani. Mjomba mkubwa akasimama. "Alors, pesa ya ndege ilikosa, ya motokari mupya ikapatikana?"

Patron aliapa kwamba ni ile ile ya zamani. Mimi nikasogea kumtetea. "Papa, ni rangi tu. Nimeipaka mwenyewe leo asubuhi."

"Wewe unakula kwake," akanijibu. "Fungula tuone."

Jamani, aibu gani ile! Nilifungua kapo mbele ya maiti. Watu wakaacha kulia, wakamwacha marehemu peke yake chini ya turubai, wakasukumana kuzunguka injini. Nami, mzee mzima niliyevaa suti ya msiba, nikatoa kifuniko, nikawaonyesha buji, plagi moja kwa kila silinda, nne upande huu, nne upande ule, kama muuza nyanya. Masikio yaliniwaka moto. Mpwa akachungulia, akakubali: nane. Mjomba akashusha sauti, akaomba radhi. Nilidhani nimemwokoa Patron.

Ndipo dada wa marehemu, bibi aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Basoko, akauliza polepole, bila hasira: "Bon, haiko mupya. Ni sawa. Na hii ya zamani, ilishindikana kuuzisha?"

Patron akaniangalia mimi. Nami nikaangalia chini.

Sasa nimestaafu. Vijana huja nyumbani kuniuliza habari za rangi, nami huwaeleza, maana kazi ni kazi, na mficha uchi hazai. Lakini nikibaki peke yangu naona haya. Kila asubuhi, yule mama akiwa kitandani hospitalini, niliing'arisha ile motokari hadi nikauona uso wangu kwenye bati lake, na swali la yule bibi halikunijia hata mara moja.